Shiti au mkanda wa chuma? Dhana zinazowagharimu wenye karakana

Dhana: Mkanda ni chuma kigumu kuliko shiti.

Ukweli: Mara nyingi vyote viwili vimetoka kwenye koili moja pana, yaani chuma bapa kilichozungushwa kama roli. Koili ikipasuliwa kwa urefu inakuwa mikanda. Ikinyooshwa kwenye rola na kukatwa kwa upana inakuwa shiti. Ugumu unatokana na daraja la chuma na jinsi kilivyoviringishwa, si umbo kinalouziwa. DC01, daraja la chuma laini kilichoviringishwa baridi, ni DC01, iwe shiti au mkanda. Soma cheti cha kiwanda.

Dhana: Shiti daima hupoteza chuma kingi.

Ukweli: Piga hesabu kwanza. Tuseme unatengeneza vibano vya mm 65 kwa 170, unene mm 2. Shiti ya mm 1220 kwa 2440 ina uzito wa kilo 46.7 hivi. Kwa upana unapata mistari 18 na kubaki mm 50. Kila mstari unatoa vipande 14 na kubaki mm 60. Jumla ni vipande 252, na takriban kilo 3 zinakwenda kwenye chakavu, yaani kama asilimia 6.5. Hasara hiyo inavumilika kwa oda ya vipande mia chache, kwa sababu mkanda una gharama ya kupasuliwa na muuzaji hapendi kupasua koili nzima kwa ajili ya makumi ya kilo tu. Oda ikiwa ya makumi ya maelfu, tena kwa presi inayojilisha yenyewe, mkanda wa mm 65 unashinda bila ubishi: hakuna mtu wa kukata mistari, wala wa kupanga vipande kwa mkono.

Kwa bomba hakuna hata mjadala. Bomba la duara la mm 25, unene mm 1.2, huanza na mkanda wa takriban mm 75, pamoja na nyongeza ndogo ya kuchomelea.

Dhana: Ukingo wa mkanda umeshakamilika, hauhitaji kuangaliwa.

Ukweli: Visu vya kupasulia huacha vijimeno upande mmoja, na visu vikiwa butu vijimeno hurefuka. Pitisha kipande cha kitambaa ukingoni, usipitishe kidole. Kikinasa, upande wa vijimeno ni huo. Unapokunja, upande huo uwe ndani ya kona, unakobanwa. Ukiwa nje, unakovutwa, ufa huanzia hapo hapo.

Angalia pia mwelekeo wa kuviringishwa. Kwenye mkanda unafuata urefu. Kwenye shiti kwa kawaida unafuata upande mrefu. Mstari wa kukunja ukikatiza mwelekeo huo, chuma kinatii. Ukienda sambamba nao, hasa kwa chuma kigumu, nyufa hutokea: ongeza rediasi ya kona (kona iwe ya mviringo zaidi) au geuza mpangilio wa vipande. Kwenye shiti unaweza kugeuza. Kwenye mkanda mwembamba upana wenyewe unakufunga.

Dhana: Shiti iko bapa, mkanda umepinda.

Ukweli: Mkanda huwa na mpindo wa koili, ndiyo maana unahitaji rola za kunyooshea kabla ya presi. Lakini shiti iliyolala bapa mezani inaweza kujikunja ikikatwa kwa leza, mikazo iliyofichika ndani ikiachiliwa.

Dhana: "Geji 16", namba ya unene, inatosha kuagizia.

Ukweli: Geji 16 ya kipimo cha Uingereza ni mm 1.63, ya Marekani kwa shiti ya chuma isiyopakwa zinki ni mm 1.52. Kwa shiti moja ya mm 1220 kwa 2440 tofauti ni kilo 2.5 hivi, na kalibu iliyochongwa kwa mojawapo haitafanya kazi vizuri kwa nyingine. Andika milimita pamoja na kiasi kinachoruhusiwa kuzidi au kupungua, kisha pima kwa maikromita, ukiingia kidogo ndani kutoka ukingoni ili usipime vijimeno.

Ukiagiza mkanda, taja pia tundu la koili (mm 508 na 610 ndiyo ya kawaida) na uzito wa juu ambao kishikio chako na winchi yako vinaubeba.