Dawati la Jinsia linahudumia wanaume na wavulana pia

Kila Siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia zinapowadia, kuanzia Novemba 25 hadi Desemba 10, tunaulizwa swali lile lile: na sisi wanaume dawati letu liko wapi? Liko hapo hapo. Jina lake kamili ni Dawati la Jinsia na Watoto la Polisi Tanzania, na mwanaume anayelalamika anasikilizwa kama mlalamikaji mwingine yeyote.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto ulionyesha kuwa karibu wasichana watatu kati ya kumi, na mvulana mmoja kati ya saba, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Wasichana wanaumia zaidi, hilo halina ubishi. Ila huyo mvulana wa saba mara nyingi hatumwoni kabisa, kwa sababu kwao wamekwishakaa kikao na kuyamaliza nyumbani.

Ni kweli kwamba kifungu cha 130 cha Kanuni ya Adhabu kinazungumzia kubakwa kwa mwanamke au msichana tu. Wapo wanaoishia hapo na kusema mvulana hana sheria. Anayo. Anayemlawiti mtoto wa chini ya miaka 18 anashtakiwa kwa kifungu cha 154, na adhabu yake ni kifungo cha maisha. Aliyefanyiwa akiwa mtu mzima, adhabu ni miaka isiyopungua 30. Wengine wanaogopa kwamba wakiripoti watageuziwa kibao. Aliyelazimishwa hakuridhia, na asiyeridhia si mtuhumiwa.

Mtendaji akiwa mwanamke, kipo kifungu cha 138C, udhalilishaji mkubwa wa kijinsia, chenye kifungo cha kati ya miaka 15 na 30. Mtoto wa miaka 12 akifanyiwa hivyo na dada wa kazi au jirani, hakuna cha "kafundishwa ukubwa", na tungeomba wazee waache kucheka. Ridhaa ya mtoto haihesabiki.

Sasa utaratibu. Mama anafika dawatini na bukta ya mwanawe imefuliwa, imeanikwa na kupigwa pasi, kwa sababu aliona aibu kuja na nguo chafu polisi. Ushahidi umekwenda na maji. Mtoto asiogeshwe, nguo zisifuliwe. Zifungwe kwenye karatasi au khanga safi, si mfuko wa plastiki. Ripoti itaandikwa, mtapewa namba ya RB, yaani namba ya taarifa yenu kituoni, na PF3, fomu ya polisi ya kupeleka kwa daktari, kisha mtaenda hospitali ya serikali. Daktari ataijaza na itarudishwa kituoni. Hospitali yenye Kituo cha Mkono kwa Mkono ina daktari, polisi na afisa ustawi wa jamii mahali pamoja. Penye hali mbaya, tiba itangulie. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zianze ndani ya saa 72, na mapema ndiyo bora. Anayeona vigumu kufika kituoni kwa jambo la mtoto apige 116, ni bure.

Kuhusu waume wanaopigwa: kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinasema hakuna mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya viboko. Ni mwenzi, mke au mume. Tatizo letu ni maelezo. Mtu anakuja na jeraha la kichwani anasema kaanguka na bodaboda, PF3 inaandikwa ajali. Mwezi unaofuata, mbele ya Baraza la Usuluhishi la Ndoa, anasema alipigwa na mchi. Fomu inamkana. Semeni kilichotokea siku ile ile. Mlango wa ofisi unafungwa mkiongea, hamtasikiwa nje.

Na kumalizana nyumbani je? Mahakama inaweza kuhimiza mapatano kwa makosa madogo, kama shambulio la kawaida. Ulawiti haumo. Hapo mlalamikaji ni Jamhuri, na mbuzi aliyepokewa na baba mdogo hafuti shauri. Wala haisaidii kuja kutueleza kuwa "tumeshasameheana" baada ya jalada kwenda kwa mwendesha mashtaka.

Makala haya hayahusu shauri lolote lililoko mahakamani. Mwenye jalada linalosuasua aje na namba ya RB, aulize jina la mpelelezi, na asiporidhika amwone mkuu wa upelelezi wa wilaya.