Arosto Haiondoki kwa Kusomewa Peke Yake

Zanzibar, kijana akishajulikana mtaani kuwa ni teja, mara nyingi familia haianzii hospitali. Hupelekwa kwa sheikh akasomewa, akanyweshwa kombe (maji yaliyooshea aya za Kurani), pengine akafungiwa chumbani mpaka "unga umtoke". Sisi wanasihi hatuna ugomvi na kisomo. Ugomvi wetu ni na ile kufuli.

Arosto, yaani mateso ya kukosa unga (heroini), ni maradhi ya mwili. Viungo huuma, tumbo huendesha, usingizi hupotea. Huanza saa chache tu baada ya unga kukosekana, hukolea siku ya pili na ya tatu, na wiki ikiisha huwa imetulia sana. Wazee wakimwona anakula na kuswali, husema amepona, wakamfungulia. Hapo ndipo penye hatari kubwa kuliko arosto yenyewe: mwili umeshaacha kuuzoea unga, lakini yeye anakumbuka kipimo chake cha zamani. Akikirudia, pumzi inaweza kukatika.

Kwa hiyo mwili utibiwe. Methadoni, dawa ya kunywa inayoshika nafasi ya heroini, ilianza kutolewa Muhimbili mwaka 2011, na Zanzibar mwaka 2015 katika hospitali ya Kidongo Chekundu. Mgonjwa huinywa mara moja kwa siku mbele ya mhudumu. Wapo wanaosema huko ni kutoka ulevi mmoja kuingia mwingine. Nami huwauliza: khamri iliharamishwa kwa siku moja? Ilitangulia aya ya 219 ya Al-Baqara, ikaja ya 43 ya An-Nisaa, ndipo ikashuka ya 90 ya Al-Maida. Kuala Lumpur, Msikiti wa Ar-Rahman ulianza mwaka 2010 kutoa methadoni hapo hapo msikitini, pamoja na mawaidha.

Basi dini kazi yake ipi? Kubwa mno, ila huja pale arosto inapotulia. Unga ulikuwa umempangia siku nzima: atafute pesa, atafute kete, avute, aanze upya. Ukiondoka, siku inabaki tupu, na utupu huo ndio unaomrudisha maskani. Sala tano humpa ratiba nyingine, na safu msikitini humpa watu wengine wa kukaa nao (wakikubali kumpisha, maana si wote wanaokubali).

Halafu kuna aibu. Ameuza dhahabu ya mama yake, amemwibia jirani. Toba ya haki ya mja haitimii mpaka haki irudi kwa mwenyewe au asamehe. Nyumba za soba, wanakoishi pamoja wanaoacha unga, zilizoanza hapa mwaka 2009, hufuata hatua 12 za kuacha ulevi, na ya tisa ni hiyo hiyo: kuwafidia uliowadhuru. Kijana aliyesoma chuo cha Kurani haoni ugeni ndani yake.

Ramadhani ndiyo hutuletea maswali mengi. Methadoni hukaa mwilini muda mrefu, hivyo kliniki inaweza kusogeza saa ya dozi ikawa baada ya kufuturu. Asiyeweza kufunga, ruhusa ya mgonjwa imo katika Al-Baqara 184. Lakini usiruke dozi kwa uamuzi wako. Zungumza na daktari tangu Shaabani, kabla mwezi haujaandama.