Kwa nini mhandisi wa otomatiki huanza kwa kuzima otomatiki?

Je, wajua kwamba mhandisi mshauri wa mifumo ya kiotomatiki, anapoitwa kiwandani kurekebisha kidhibiti kisichotulia, yaani programu inayofungua na kufunga vali ili mtiririko ubaki kwenye kiwango kilichowekwa, mara nyingi huanza kwa kuomba kidhibiti hicho kizimwe? Waliomwita hutarajia afungue kompyuta na kubadilisha namba mbili tatu kwenye programu. Yeye humwomba mwendeshaji wa mtambo auhamishie kwenye hali ya mkono, vali ibaki pale ilipo, kisha hukaa akitazama grafu.

Dhana iliyoenea ni kwamba mtiririko unaopanda na kushuka bila kikomo ni ushahidi wa kidhibiti kilichopangwa vibaya. Dhana hiyo ina asili ya heshima. Mwaka 1942 John Ziegler na Nathaniel Nichols walichapisha kanuni za kupanga vidhibiti, na mojawapo ya mbinu zao ilikuwa kuongeza makusudi ukali wa kidhibiti, yaani nguvu ya mwitikio wake kwa kila tofauti, hadi mfumo uanze kuyumba, halafu kuupunguza. Ni kweli, basi, kwamba ukali ukizidi mfumo huyumba. Lakini haifuati kwamba kila mfumo unaoyumba umezidishiwa ukali. Kosa hili la kimantiki lina maisha marefu viwandani kwa sababu mbili. Kwanza, programu ndiyo sehemu pekee ya mtambo inayoweza kubadilishwa na mtu aliyeketi. Pili, dawa isiyo sahihi huonekana kufanya kazi: ukali ukipunguzwa, wimbi lililokuwa likijirudia kila dakika huanza kujirudia kila baada ya dakika kadhaa, grafu ya saa moja hupendeza macho, na kazi hutangazwa kuwa imekwisha. Wimbi lenyewe halijaondoka. Limepunguza mwendo tu.

Mara nyingi anayetafutwa ni vali inayokwama. Ili kuelewa inavyoweza kuyumbisha mtiririko mzima, mfikirie mtu anayesukuma kabati zito alisogeze kidogo tu. Anasukuma taratibu, kabati halisogei, anaongeza nguvu, bado halisogei. Msuguano wa kitu kilichotulia ni mkubwa kuliko wa kitu kilicho mwendoni, kwa hiyo kabati linapoachia, nguvu aliyokwisha kuilimbikiza inakuwa kubwa mno, nalo linaruka kupita alama. Anahamia upande wa pili kulirudisha, na yale yale yanatokea. Mtu wa kawaida angechoka au angekubali kuiacha tofauti ndogo. Kidhibiti hakichoki wala hakikubali, kwa kuwa sehemu yake moja imeundwa kulimbikiza tofauti yoyote, hata iliyo ndogo sana, na kuendelea kuongeza amri hadi tofauti iishe. Vali inayokwama haiwezi kutua kwenye alama yenyewe, yaani kwenye kiwango kinachotakiwa. Inaweza tu kuruka kutoka chini yake hadi juu yake. Hapo ndipo hesabu zilizo sahihi kabisa zinapozaa wimbi lisilokoma.

Kwenye udhibiti wa mtiririko, hali hii huacha dalili ya kuvutia: amri ya kidhibiti huchora pembe zinazopanda na kushuka kama meno ya msumeno, huku mtiririko ukichora ngazi za ghafla. Kwenye kiwango cha maji ndani ya tangi umbo hilo hubadilika, na macho peke yake hayatoshi.

Hali ya mkono nayo haimalizi kesi. Wimbi likiendelea wakati kidhibiti kimezimwa, chanzo chake kiko kwingine, pengine mtambo ulio juu ya mkondo. Likikoma, tumejua tu kwamba mzunguko huu wa kidhibiti na vali yake unahusika, kwani hata kidhibiti kikali mno kingetulia kikizimwa. Hatua inayofuata ni kusogeza amri kidogo kidogo, tuseme asilimia 0.5 kila mara, na kungoja. Vali isiyo na kasoro huitikia hatua ndogo za namna hiyo, ilhali iliyokwama hunyamaza hatua kadhaa, kisha huruka. Yote haya hufanywa kwa idhini ya mwendeshaji, ambaye ndiye anayeubeba mtambo, na kuna mizunguko ambayo kwa usalama haichezewi wakati uzalishaji unaendelea.

Chanzo cha kukwama huwa cha kawaida mno. Pakingi inayozuia uvujaji kwenye shina la vali huvuja, fundi huikaza, uvujaji huisha, lakini pakingi iliyobanwa mno hulishika shina, na baadaye programu hushtakiwa. Hivyo mtaalamu aliyeajiriwa kwa ujuzi wa programu hujikuta akiandika ripoti inayopendekeza vali ifunguliwe.

Vali hiyo huenda ikalazimika kusubiri mtambo usimamishwe kwa matengenezo. Kwa muda huo kidhibiti kinaweza kuagizwa kisilimbikize tofauti iliyo ndani ya upana fulani kuzunguka alama. Upana huo ukizidi mruko wa vali, wimbi hukoma, na gharama yake ni mtiririko kubaki pembeni kidogo ya alama. Mshauri makini huandika pia ni lini kiraka hicho kiondolewe. Vinginevyo vali itatengenezwa na kiraka kitabaki, hadi mshauri mwingine aitwe kueleza kwa nini mtiririko haufiki kwenye alama.