Spuli Si Ghala: Peleka Matokeo ya Kazi Yako Kwenye Faili

Kuanzia mwezi huu, matokeo ya kazi (programu unazoagiza mfumo uendeshe) yanayokaa kwenye spuli ya kompyuta kuu yetu, yaani hifadhi ya muda ya matokeo yanayosubiri kusomwa au kuchapishwa, kwa zaidi ya siku saba yanafutwa na mfumo usiku, bila kumtaarifu mwenye kazi. Tangazo lilitoka mapema. Hata hivyo dawati la msaada linaendelea kupokea ombi lile lile: ripoti ya mwisho wa mwezi haionekani, tunaomba mturudishie. Hairudishwi. Spuli haimo kwenye ratiba ya nakala rudufu, na JES2, programu inayosimamia kazi na spuli, ikishaifuta kazi, nafasi yake hupewa kazi nyingine papo hapo.

Tunaamini wengi hawakukusudia kujaza diski zetu. Ila spuli ni ya wote. Ikifika asilimia iliyopangwa, kwa kawaida 80, opereta huanza kuona ujumbe wa $HASP050, onyo la upungufu wa nafasi. (Herufi HASP ni urithi wa programu ya wahandisi wa IBM waliokuwa Houston miaka ya 1960, wakihudumia kompyuta za NASA. JES2 ni mjukuu wake.) Spuli ikijaa kabisa, kazi za kila mtu husimama, na ya mishahara ikiwemo.

Dawa ni kubadili DD ya ripoti yako, yaani agizo ndani ya JCL (lugha ya maagizo ya kazi) linaloeleza matokeo yaende wapi. Palipoandikwa SYSOUT=*, linalopeleka matokeo kwenye spuli, futa, uandike hivi:

//SYSPRINT DD DSN=FEDHA.RIPOTI.MSHAHARA,
//            DISP=(NEW,CATLG,CATLG),
//            SPACE=(CYL,(10,5),RLSE),
//            DCB=(RECFM=FBA,LRECL=133)

Usiache SYSOUT na DISP kwenye DD moja. JCL itakataliwa kabla kazi haijaanza.

Tazama neno la tatu ndani ya DISP, linaloamua hatima ya faili hatua ya kazi ikianguka. Karibu kila JCL tunayoletewa imenakiliwa kutoka kwenye kazi ya data, nayo ina DELETE (futa) mahali hapo. Kwa faili la data hilo ni jambo la busara: hatua ikianguka, faili nusu halibaki. Kwa ripoti na ujumbe wa programu ni kujikata mguu, kwa sababu hatua inapoanguka ndipo unapohitaji kusoma kilichoandikwa, na mfumo umekwisha kulifuta faili kwa agizo lako mwenyewe. Andika CATLG (tunza faili na liandikwe kwenye katalogi) mara mbili.

Kuhusu nafasi. Silinda (CYL) ni kipimo cha nafasi ya diski; moja ya diski ya 3390 ya IBM ina traki 15. Kwa rekodi za herufi 133, na ukiacha mfumo uchague wenyewe ukubwa wa bloku, kila traki hubeba bloku mbili za rekodi 210, yaani mistari 420. Silinda nzima ni mistari 6,300. Mfano wa hapo juu unaanza na silinda 10, kisha unaruhusiwa nyongeza za silinda 5 hadi mara 15 kwenye diski hiyo hiyo, jumla silinda 85, au mistari 535,500. Ukivuka hapo utapata B37, kosa la nafasi kuisha. Ukisahau kuandika nyongeza kabisa, utapata D37 nafasi ya kwanza ikijaa. RLSE hurudisha kisichotumika faili linapofungwa, kwa hiyo hakuna sababu ya kuomba kwa woga. Wala hakuna sababu ya kuomba silinda elfu moja kwa ripoti ya kurasa 40, jambo ambalo bado tunaliona.

Kazi ile ile ikiendeshwa kesho itakwama, kwa kuwa jina tayari limo kwenye katalogi. Wapo wanaotatua hili kwa DISP=MOD, inayoongeza mistari mwishoni mwa faili lililopo, na ripoti za mwaka mzima zikafuatana kwenye faili moja lisilofunguka kwa raha. Njia tunayoikubali kwa kazi zinazojirudia ni kundi la vizazi, GDG, ambapo kila toleo ni faili lake na jina la toleo jipya huishia na (+1). Msingi wa GDG hauundwi na mtumiaji. Jaza fomu ya maombi ukitaja jina la faili na idadi ya vizazi vya kutunzwa, isainiwe na mkuu wa kitengo chako, kisha iletwe kwetu. Huchukua siku mbili za kazi. Fomu isiyo na idadi ya vizazi inarudishwa. Kikomo kikifika, kizazi cha zamani kinaondoka kipya kinapoingia.

Unataka pia kuiona ripoti kwenye spuli siku hiyo hiyo? Ongeza hatua ya IEBGENER, programu ya kunakili faili, yenye COND=EVEN (iendeshwe hata hatua ya awali ikianguka), isome faili kwenye SYSUT1 na kuandika SYSOUT=* kwenye SYSUT2. Ndani ya kazi hiyo kizazi bado kinaitwa (+1), hata kwenye hatua ya pili. Anayeandika (0) atapata ripoti ya jana.

Sasa dhana potofu tunazokutana nazo. Kubadili SYSPRINT hakuhamishi matokeo yote ya kazi. JESMSGLG, JESJCL na JESYSMSG (kumbukumbu za mfumo kuhusu kazi yako) ni mali ya mfumo, hazina DD unayoweza kuigusa, zinabaki kwenye spuli. Ukizihitaji kwa ukaguzi, ingia SDSF, programu ya kutazama spuli, kabla ya siku saba, andika XDC pembeni ya kazi yako, kisha jaza jina la faili kwenye ukurasa unaofunguka.

Hapana, faili halijaharibika kwa sababu mistari inaanza na 1, 0 au alama ya kutoa. Safu ya kwanza ni maagizo kwa printa: 1 ni ukurasa mpya, 0 ni kuruka mstari mmoja, alama ya kutoa ni kuruka miwili. Ndiyo maana tunaandika 133 na si 132. Na anayelipakua faili kwenye kompyuta ya mezani kwa FTP ya mfumo wa jozi (binary), akakuta hieroglifu, amebeba EBCDIC, msimbo wa herufi wa kompyuta kuu, kama ilivyo. Apakue kwa mfumo wa maandishi.

Jambo jingine: kazi inapoendelea kuandika, faili limefungiwa kwake. Huwezi kulichungulia kama ulivyozoea kwenye spuli. Subiri.

Faili hubaki, na hapo wajibu wako unaongezeka. Ripoti yenye majina na mishahara iko chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Isiwekwe chini ya jina ambalo RACF, programu ya ulinzi wa mafaili, inaruhusu kila mtu kusoma. Tukiikuta, tunaizuia kwanza, ndipo tunauliza.

Kwa kazi zitakazoendelea kujaza spuli, utaratibu ni huu. Mara ya kwanza mwenye kazi na mkuu wake wataandikiwa. Mara ya pili kazi zake zitahamishiwa klasi ya usiku kwa siku 30. Mara ya tatu akaunti itafungwa, na itafunguliwa kwa barua ya maelezo iliyosainiwa na mkuu wa idara, si wa kitengo. Kazi inayovuka kikomo cha mistari haisubiri utaratibu huo. Mfumo unaikatiza kwa S722, na kupiga simu kwa opereta hakutaibadilisha.

Anayeomba msaada alete jina la kazi, namba yake na jina la DD. Picha ya skrini iliyopigwa kwa simu haitoshi.