Nazi haikunwi na makumbi yake: kuhusu frataksini "kamili"

"Dokta, shikamoo. Nimepata saplaya anayeuza frataksini ya binadamu ile kamili, 1 hadi 210. Wengine wana kipande tu, 81 hadi 210. Naona bora niongeze hela nichukue nzima."

Ujumbe huu uliingia Jumatatu asubuhi, kutoka kwa kijana wa uzamili ambaye bidii yake naiheshimu sana. Ni wa tatu wa aina hiyo mwaka huu, na kila mmoja umetoka kwa mtu tofauti. Wawili wa kwanza niliwaeleza kwa simu. Huyu wa tatu namwandikia hapa, ili wa nne nimtumie kiungo.

Frataksini ni protini inayofanya kazi ndani ya mitokondria, vinu vya nishati vya seli; upungufu wake ndio unaoleta ataksia ya Friedreich, ugonjwa wa kurithi wa neva. Namba hizo zinahesabu asidi amino zake, kuanzia mbele. Hiyo 1–210 siyo frataksini kamili. Ni frataksini ambayo bado iko safarini.

DNA ya mitokondria ina jeni 37 tu, na 13 kati ya hizo ndizo zinazotoa protini. Protini nyingine zote za mle ndani, zaidi ya elfu moja, jeni zake ziko kwenye kiini cha seli. Zinatengenezwa nje, kisha zinaingizwa. Frataksini ni mojawapo; jeni yake iko kwenye kromosomu ya 9. Ili iingie inahitaji kipande cha mbele cha kuionyesha njia. Tazama asidi amino 30 za mwanzo: kuna arjinini nne, ambazo zina chaji chanya, na hakuna hata asidi amino moja yenye chaji hasi. Chaji hiyo chanya ndiyo inayovutwa na umeme wa utando wa ndani wa mitokondria. Protini ikishapita, kimeng'enya kinachoitwa MPP kinakata mara mbili: kwanza inabaki 42–210, halafu 81–210. Hiyo ya mwisho, yenye asidi amino 130 na uzito wa kilodaltoni 14 na kidogo, ndiyo inayofanya kazi.

Nazi inaletwa sokoni na makumbi yake, na hayo makumbi yana faida njiani. Lakini hakuna anayeikuna nazi kabla ya kuifua.

Sasa E. coli, bakteria ambayo ndiyo inayotutengenezea karibu frataksini yote ya maabara, haina MPP. Ukiipa jeni nzima, itakupa makumbi na nazi pamoja. Sehemu hiyo ya mbele haina umbo la kutulia. Mara nyingi inafanya protini igandamane, au vimeng'enya vya bakteria vinaitafuna ovyo, na kwenye jeli ya kutenganisha protini kwa ukubwa unaona bendi tatu ulipotarajia moja. Ukiichukua protini hiyo ukapima nayo kasi ya kuunda vishada vya chuma na salfa, kazi ambayo frataksini inasaidia, unapima kitu ambacho mitokondria haijawahi kukitumia.

Hapa lazima niseme jambo ambalo vitabu vinalipitia haraka. Hata sisi wenyewe hatukujua nazi inaanzia wapi. Jeni ilitambuliwa mwaka 1996. Mwaka 2000 ilichapishwa kwamba frataksini iliyokomaa ni 56–210, na kwa miaka kadhaa maabara nyingi ziliitengeneza hiyo kwa nia njema kabisa. Ni mwaka 2007 na 2008 ndipo kazi zilizofanywa ndani ya seli za binadamu zilipoonyesha kwamba ni 81–210, na kwamba vipande kama 56–210 vinajitokeza pale ukataji wa kawaida unapovurugika. Kwa hiyo ukisoma makala ya mwaka 2004 inayosema "frataksini iliyokomaa", usinakili matokeo yake kabla ya kujua walianzia namba gani. Asidi amino 25 za ziada si kitu kidogo kwenye protini ya 130. Baadhi ya mabishano ya zamani kuhusu kama frataksini ya binadamu inajikusanya kuwa mafungu makubwa ya kuhifadhi chuma yanapungua makali ukishajua nani alitumia kipande gani.

Na bado hatujamaliza. Chembe nyekundu za damu zilizokomaa hazina mitokondria, lakini zina frataksini, inayoanzia namba 76 na ambayo haipiti mitokondria kabisa. Ilielezwa mwaka 2018. Ukipima frataksini kwenye damu nzima bila kutenganisha, unachanganya vitu viwili.

Jambo la pili, ambalo linaniudhi kuliko la kwanza: tagi ya histidini. Karibu kila kichupa cha dukani kinakuja na histidini sita mbele, kwa sababu zinanasa nikeli na kurahisisha usafishaji. Vizuri. Lakini histidini haijaapa kushika nikeli peke yake. Inashika chuma pia. Halafu mtu anachukua protini hiyo na tagi yake, anapima inavyoshika chuma, anaandika namba kwenye tasnifu. Namba hiyo ni ya nani, ya frataksini au ya tagi? Frataksini inashika chuma kwa udhaifu, kwa asidi amino zenye chaji hasi zilizojipanga karibu kabisa na upande huo wa mbele. Ikate tagi kwa TEV, kimeng'enya cha kukatia tagi, kabla ya kupima. Kama saplaya hakuweka mahali pa kukatia, tafuta saplaya mwingine. Nimewahi kuyatupa matokeo yangu ya miezi miwili kwa sababu hii, na nilisikitika, lakini hayakuwa na thamani.

Jambo jingine la bakteria: E. coli ina ndugu wa frataksini anayeitwa CyaY. Ana asidi amino nyingi zenye chaji hasi kama frataksini, ni mdogo kama frataksini, anashika chuma kama frataksini. Usafi wa asilimia 95 kwenye jeli haukuhakikishii kwamba hizo tano zilizobaki si yeye. Na tabia zao zinapishana: CyaY inapunguza kasi ya mfumo wa bakteria wa kuunda vishada, frataksini inaongeza kasi ya mfumo wa binadamu. Kilichoonekana baadaye ni kwamba anayeamua ni kimeng'enya cha kutoa salfa kilichopo kwenye mchanganyiko. Ukichanganya frataksini ya binadamu na kimeng'enya cha bakteria kwa sababu ndicho kilichokuwa kwenye friji, usishangae jibu likigeuka. Hata NFS1, kimeng'enya hicho cha kutoa salfa cha binadamu, ikitengenezwa ndani ya E. coli hutoka imeng'ang'aniwa na protini ndogo ya bakteria, ACP. Imo hata kwenye picha za umbo lake zilizochapishwa.

Kuhusu kuimwaga kwenye seli: 81–210 haivuki utando wa seli, na hata ingevuka, haina anwani ya kuingia mitokondria. Hapo ndipo 1–210 ina kazi ya haki, ukiwa unapima uingizaji wenyewe, au ukiiunganisha na kipande cha TAT kinachopenya utando, kama inavyofanywa kwenye dawa moja inayojaribiwa kwa wagonjwa wa ataksia ya Friedreich. Na ukimwagia seli protini ya E. coli, pima endotoksini, sumu ya ukuta wa bakteria inayozichochea seli. Kwa haraka, chemsha sampuli: protini itaharibika, endotoksini itavumilia. Seli zikiendelea kuchochewa vilevile baada ya kuchemsha, hukupima frataksini.

Mtauliza, basi frataksini inafanya nini hasa? Vitabu vingi bado vinasema inabeba chuma na kukikabidhi. Ushahidi wa miaka ya karibuni unaegemea upande mwingine: inaharakisha salfa kuhama kutoka NFS1 kwenda ISCU, protini ambayo vishada vinajengwa juu yake. Mimi naegemea huko pia, ila sijaridhika. Vipimo vingi, vyangu vikiwemo, vimefanywa kwenye bafa yenye DTT, kemikali ya kuzuia protini zisioksidike, na DTT inaweza kuiondoa salfa na kutoa salfaidi yenyewe, hivyo njia ya mkato inafanana na njia halisi.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, usiulize kama ni kamili. Omba mfuatano wa herufi, kila herufi ikiwa asidi amino moja. Ruka tagi, soma zinazofuata. Ukiona SGTLGHPGS, hiyo ni 81. Ukiona SSNQRGL, hiyo ni ile ya mwaka 2000. Ukiona MWTLGRR, ina makumbi.

Kijana wangu aliuomba. Saplaya alichukua siku tatu kuutuma. Baada ya histidini sita, bila mahali pa kukatia, unaanza MWTLGRR. Leo ameandika kuulizia bei ya ile ya 81.