Nairobi hadi New York: dhana potofu kuhusu umbali na saa za safari

Kutoka uwanja wa Jomo Kenyatta hadi John F. Kennedy ni takriban kilomita 11,840. Kenya Airways ilianza safari hiyo bila kituo Oktoba 2018 kwa Boeing 787, na hesabu za abiria wengi bado hukosea palepale.

"Natoka 23:25, nafika 06:25: ni saa saba tu." Saa za kwenye tiketi ni za kila mji na wake. Kuanzia mapema Novemba hadi Machi, New York iko nyuma ya Nairobi kwa saa 8, kwa hiyo ongeza 8 kwenye 7 upate 15. Marekani wakishasogeza saa zao mbele, tofauti ni 7. Na wenyeji wako waambie 06:25 ni saa kumi na mbili na dakika ishirini na tano asubuhi, wasije wakakungoja saa sita.

"Ndege hupita juu ya Mali na Mauritania." Ndivyo ramani ya ukutani inavyoonyesha ukichora mstari kwa rula. Chukua tufe, vuta uzi kati ya miji hiyo miwili mpaka ukaze: utapanda Chad, utakata Sahara ya Algeria na kutokea pwani ya Morocco. Uzi huo ni mfupi kuliko njia ya rula kwa zaidi ya kilomita 300.

"Dunia inazunguka, ndiyo maana kwenda huchukua muda mrefu kuliko kurudi." Hii imeenea mno, na inajipinga yenyewe. Dunia huzunguka kuelekea mashariki, kwenye ikweta kwa kilomita 1,670 hivi kwa saa. Kama ndege ingeachwa nyuma, New York ingekuwa inaijia, na kwenda ndiko kungekuwa kufupi! Ukweli ni kwamba hewa huzunguka pamoja na dunia, na ndege imo ndani ya hewa hiyo. Tofauti inaletwa na upepo: kilomita 10 hadi 12 juu, kaskazini mwa tropiki, huvuma kutoka magharibi, na wakati wa baridi huwa mkali zaidi. Tuseme ndege inakata hewa kwa kilomita 900 kwa saa. Upepo wa mbisho wa wastani wa 40 ukiipunguza hadi 860, itakwenda saa 13 na dakika 46. Ukiisukuma kwa nyuma hadi 940, itarudi kwa saa 12 na dakika 36.

Mbona basi tiketi inasema 15? Kwa sababu muda wa ratiba huanza ndege inapoachia maegesho na huisha inapoegeshwa tena. Humo mna kujongea hadi njia ya kurukia, kupanda polepole ikiwa imejaa mafuta, foleni ya kutua, na kuzunguka anga iliyofungwa, kama ya Sudan vita vilipozuka Aprili 2023.

"Wanaondoka usiku ili abiria walale." Si hilo tu. Uwanja wa Nairobi uko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na hewa ya huko ni nyepesi. Jua la mchana huizidisha wepesi, mbawa zikapata nguvu kidogo, na ndege yenye mafuta ya saa 15 hulazimika kupunguza abiria au mizigo. Usiku hewa ikipoa, hubeba zaidi.