Mwenye selimundu akibanwa na kifua, akae vipi?

Selimundu ni ugonjwa wa damu. Mapafu yanaingiaje hapo?

Chembe nyekundu zilizopinda huziba mishipa midogo, na mapafu yamejaa mishipa hiyo. Halafu kuna maumivu ya mbavu na kifua. Kila pumzi ndefu inachoma, kwa hiyo mgonjwa anahema juu juu. Sehemu za chini za mapafu zinakosa hewa na kusinyaa, oksijeni kwenye damu inashuka, na ikishuka chembe nyingi zaidi zinapinda. Ndiyo maana mtu aliyelazwa kwa maumivu ya miguu au mgongo anaweza kubanwa na kifua siku ya pili au ya tatu.

Alale chali?

Asikae hivyo muda mrefu. Akilala bapa, tumbo husukuma juu msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu. Inua mgongo pamoja na kichwa. Wengi huweka mto mmoja shingoni, na shingo inakunjika, kidevu kinagusa kifua, njia ya hewa inabanwa. Panga mito kuanzia kiunoni kwenda juu. Akizidiwa, akae, ainame mbele kidogo, mikono iegemee meza au mto uliowekwa mapajani.

Na ubavu, alalie upi?

Picha ya eksirei ikionyesha pafu moja ndilo lililoathirika, mtu mzima kwa kawaida hupata oksijeni vizuri zaidi akilalia upande wa pafu zima. Kwa mtoto mdogo mara nyingi ni kinyume chake, hivyo muulize daktari au mtaalamu wa fiziotherapia kabla ya kumgeuza.

Mkao peke yake unatosha?

Hapana, na hili nalisisitiza. Apewe dawa ya maumivu ya kutosha ili aweze kuvuta pumzi, kisha avute pumzi ndefu 10 kila baada ya saa 2 akiwa macho. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1995 ulitumia kifaa kidogo cha kuvutia hewa kwa ratiba hiyohiyo. Kati ya vipindi 19 vya maumivu vilivyotibiwa bila kifaa, 8 vilileta matatizo ya mapafu. Kwa waliokitumia, ni 1 kati ya 19. Akitaka kukohoa, akumbatie mto kifuani, uchungu unapungua.

Twende hospitali lini?

Siku hiyohiyo, hata usiku, akiwa na maumivu ya kifua pamoja na homa, kikohozi au kuhema haraka. Mbavu zikibonyea, pua zikitanuka au midomo ikibadilika rangi, ni dharura: anaweza kuhitaji oksijeni, antibiotiki na kuongezewa damu. Garini msimlaze kiti cha nyuma. Mmoja akae naye, amwegemeze akiwa wima, na mkifika mapokezi semeni mara moja: "Ana selimundu na anashindwa kupumua."